Mita tatu za Mzee: kesi ya majirani wawili na kijito cha Kadutu

Shefu wa avenyi alinipigia simu Jumapili mchana, fufu ikiwa bado ya moto mbele yangu. "Mwalimu, wewe njo unafundishaka mambo ya mito. Kuya utusaidie, hawa watu watauana." Sikuuliza watu gani. Bonde letu lote huku Kadutu, mjini Bukavu, lilikuwa limeshagawanyika juu ya kesi hiyo: wengine kwa Mzee, wengine kwa Mama, na wale wa katikati wanangoja kwanza waone nani anashinda.

Kesi yenyewe ni hii. Kuna kijito, jina lake naliacha, kinachoteremka toka juu, kinajipenyeza kati ya nyumba, kisha kinaingia mto Kahuwa, nayo Kahuwa inamwaga katika Ziwa Kivu. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mtoto wa darasa la kwanza anakiruka bila kulowa. Mahali kinapopinda, upande wa kulia anakaa mzee mmoja, dereva aliyestaafu. Ng'ambo yake, upande wa kushoto, anakaa mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kwa muda wa masika mawili Mzee alipoteza uzio wake wa matete, kisha msalani, kisha nusu ya jiko. Kwa masika hayo hayo mawili Mama alipata kipande cha ardhi tambarare mbele ya nyumba yake, akakizungushia ukuta wa mawe, akapanda mboga za lenge-lenge, na akaanza kuulizia bei ya mbao za kibanda.

Fishi ya parsele ya Mzee, ndiyo karatasi ya kiwanja chake, inasema mita 20 toka njiani hadi mtoni. Tulipima kwa kamba, tukapata 17. Ya Mama inasema 18. Tukapata 21. Mita tatu zimetoka huku, mita tatu zimetokea kule. Ukiwa na hesabu kama hiyo mkononi, utamwambiaje Mzee kwamba hakuibiwa? Na fishi zote mbili, kwenye mstari wa mpaka, zimeandikwa neno moja: mto. Aliyeandika hivyo alidhani anaandika kitu kisichohama.

Mzee alikuwa na jibu moja kwa kila swali: ukuta. Mama naye alikuwa na lake: Mungu. Pembeni kulikuwa na minong'ono kwamba Mama alitupa kitu majini usiku. Hiyo siichambui.

Siku iliyofuata, Jumatatu, nilishuka na wanafunzi wanne, kamba, vijiti, na vipande vya shina la mgomba. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, si kubwa, lakini kijito kilikuwa kimejaa maji ya rangi ya matofali. Tulipima mita kumi kwenye kona. Mwanafunzi mmoja alisimama juu na vipande vya mgomba, mwingine chini na simu akihesabu sekunde. Kipande kilichopita karibu na ukingo wa Mzee kilimaliza mita kumi kwa sekunde nane. Kilichopita upande wa Mama kilichukua kumi na saba. Tulirudia mara tano, kwa sababu mara ya kwanza Mzee alisema vijana wangu wamekitupa vibaya. Matokeo yalibaki karibu yale yale: upande wa nje wa kona maji yanakimbia mara mbili ya upande wa ndani.

Mara mbili tu, utasema. Lakini maji hayahesabu kama sisi. Katika karne ya 19 mwanahisabati Mwingereza William Hopkins alionyesha kwamba uzito wa jiwe kubwa kabisa ambalo maji yanaweza kulisukuma hupanda kwa kipeo cha sita cha mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe linalosukumwa unaongezeka mara 64. Ni kanuni ya karatasini, mto halisi una mawe yaliyojibana na mizizi inayoshika, lakini inatosha kueleza kwa nini kijito ambacho mwezi wa saba kinashindwa hata kubeba kandambili, mwezi wa kumi na moja kinagongesha mawe ya ukubwa wa kichwa mpaka watu wanaamka usiku kwa mlio wake. Mama mwenyewe aliniambia: "Inaliaka kama gari ya kokoto inamwaga." Mlio huo ndio kazi yenyewe ya mto. Mawe yanasaga sakafu ya kijito, yanasaga kingo, na yanasagana yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo maana ukiokota jiwe kwenye kijito lina mviringo, na ukiokota mlimani lina kona.

Jioni shefu alitukaribisha chai kwake, pande zote mbili, ili hasira ipungue. Ilikuwa chai ya majani, si ya mifuko, na chujio halikuonekana. Hapo nikapata somo ambalo darasani sijawahi kulifundisha vizuri hivyo. Nikamwomba Mzee akoroge kikombe chake kwa nguvu, atoe kijiko, atazame majani. Kwa akili ya kawaida, chai inapozunguka, majani yangetupwa kwenye ukuta wa kikombe. Hayakwenda huko. Yalijikusanya katikati, chini, kirundo kidogo kama kichuguu.

"Wewe uko wapi katika kikombe hiki?" nikamwuliza.

Alifikiri. "Niko huku kwa ukuta."

"Na Mama?"

Hakujibu. Alitazama kile kichuguu.

Fumbo hili la majani ya chai lilielezwa na Albert Einstein mwaka 1926, na alilitumia kueleza mito inavyopinda. Maji yanapozunguka yanasukumwa kuelekea nje, lakini yale ya chini yanakwaruzana na sakafu, yanachelewa, yanakosa nguvu ya kubaki nje. Basi maji ya juu yanakwenda nje, yanagonga ukingo, yanazama. Ya chini yanarudi ndani yakikokota mchanga. Ukitazama kona ya mto kwa juu unaona maji yanasonga mbele tu. Kumbe ndani yake yanajisokota kama kamba ya katani. Upande wa nje unachimbwa, upande wa ndani unarundikiwa. Kona ikishaanza, inajilisha yenyewe: kadiri inavyochimba ndivyo inavyopinda, na kadiri inavyopinda ndivyo inavyochimba.

Kwa hiyo Mama alikuwa na haki? Nusu. Alipata ardhi kwa sababu yuko ndani ya kona, na hilo halina ubaya wowote. Lakini kuna jambo lililomshangaza yeye na Mzee pamoja: udongo aliopata haukutoka kwa Mzee. Mchanga unaong'olewa kwenye ukingo wa nje hauvuki mto na kupanda upande wa pili kama mtu anayevuka barabara. Sehemu kubwa huteremka na kutua kwenye kona inayofuata huko chini, mara nyingi upande ule ule ulikotoka. Tulichimba shimo dogo katikati ya lenge-lenge za Mama, kina cha mkono, na humo tukakuta makaa, vipande vya matofali ya kuchoma, kifuniko cha kalamu, mawe meusi ya basalti ya ukubwa wa limau, na changarawe nyekundu. Vyote vya watu wa juu. Jiko la Mzee, likiwa bado lipo mahali fulani, limelala kwenye kona ya chini, kwa mtu ambaye hajui kama ana deni.

Nilidhani habari hiyo ingemtuliza Mzee. Ilimwongezea hasira. Sasa alikuwa na wengine wa kuwashitaki.

Turudi kwenye ukuta, maana hapo ndipo watu wengi walitaka niseme na wengine walitaka ninyamaze. Kabla ya ukuta, kijito kikifurika kilikuwa na mahali pa kujitanua: kilipanda juu ya changarawe za upande wa Mama, kikawa kipana na chembamba kwa kina, kikapoteza nguvu. Ukuta ulifunga nafasi hiyo. Mahali palipokuwa na upana wa karibu mita tano pakabaki mita tatu na nusu. Maji ni yale yale, mlango ni mdogo. Lazima yapande kimo na yaongeze mwendo. Na yakiongeza mwendo yanakwenda wapi? Ukuta wa Mama ni wa mawe na sementi. Ukingo wa Mzee ni udongo mtupu. Kati ya jiwe na udongo, maji hayafikirii mara mbili. Katika hili Mzee alikuwa na haki, na nilimwambia Mama mbele ya watu. Alinyamaza, kisha akasema fundi aliyejenga hakumweleza hayo. Huyo fundi nilimtafuta. Aliniambia alijenga mwezi wa nne, na kwamba alipokuwa anachimba msingi, uzio wa Mzee ulikuwa umeshaanguka mtoni.

Hapo kesi ilipinduka. Kama uzio ulianguka kabla ya ukuta, basi ukuta uliongeza ugonjwa lakini haukuuleta. Kona nayo ilikuwepo tangu zamani. Mama mzee mmoja wa pale, aliyezaliwa kabla ya uhuru, alisema alikuwa akifua nguo kwenye kona hiyo hiyo akiwa msichana. Alituonyesha hata jiwe. Jiwe pana, laini, lenye alama za miaka ya kusugulia nguo. Alikuwa analikalia, miguu ndani ya maji.

Jiwe hilo leo liko usawa wa kifua changu. Kulifikia toka majini unahitaji ngazi.

Wanafunzi walilitazama wakacheka, mpaka mmoja akauliza: "Mwalimu, jiwe njo lilipanda ama mto njo ulishuka?" Hilo ndilo swali la kesi nzima, na mimi niliyeitwa kama mtaalamu nilikuwa nimepita pale mara tatu bila kuliuliza. Nilikuwa natazama kona kutoka kushoto kwenda kulia. Sikuwa nimetazama chini.

Tulifuata kijito kuteremka. Hatua kama mia mbili chini ya kona kuna bomba la maji linalovuka. Zamani lilikuwa limezikwa chini ya sakafu ya kijito; sasa linaning'inia hewani, na watoto wanatembea juu yake wakishindana. Chini zaidi tukakuta chanzo: vijana sita wenye chepe na ndoo, wamo majini hadi magoti, wanachota mchanga na mawe ya kuuza kwa wajenzi. Nyuma yao sakafu ya kijito ilikuwa na ngazi, kimo cha meza, maji yakianguka juu yake kama maporomoko madogo. Kila ndoo inayotolewa inaongeza shimo. Na ngazi ya namna hiyo haikai mahali pamoja. Maji yanayoanguka yanachimba mguu wake, mdomo wake unavunjika, inarudi nyuma. Masika baada ya masika inapanda mto kama mtu anayepanda mlima, ikikata sakafu kila inapopita. Moja ya kabla ya hiyo ilipita chini ya bomba. Ilifika kwenye jiwe la kufulia. Ilipofika kwenye kona, kingo ambazo zilikuwa fupi zikawa ndefu na wima, miguu yake ikabaki bila kitu cha kuegemea, na uzio wa Mzee ukaanguka.

Mto hauwezi kuchimba chini ya mahali unapomwagia, na kila mto una mahali pake pa mwisho pa kushukia. Kwetu mahali hapo ni ziwa. Ziwa likishuka, mito ya Bukavu inayoliingia itaanza kuchimba kutoka mdomoni ikielekea juu. Likipanda, mabonde yatazama. Hili la pili lilishatokea. Zamani sana maji ya upande huu yalikwenda kaskazini kuelekea Ziwa Edward, mpaka volkano za Virunga zikaziba njia kwa lava. Maji yakapanda, yakaingia ndani ya mabonde, na mwishowe yakapata upenyo wa kusini, ndiyo mto Ruzizi wa leo. Zile rasi tunazojivunia, Muhumba, Nyalukemba na wenzake, zilizonyooka ziwani kama vidole vya mkono, ni migongo ya vilima; ghuba zilizo kati yake ni mabonde yaliyozamishwa. Ukipiga picha ya harusi pale ukingoni umesimama juu ya mlima, basi tu hauoni miguu yake.

Vijana wa mchanga, kwa chepe sita, walikuwa wamekifanyia kijito jambo lile lile ambalo ziwa lingekifanyia likishuka: wamekipa mahali pa chini zaidi pa kuangukia. Sikuwalaumu kwa sauti. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu miaka mitatu nyuma, aliacha shule kwa kukosa minerval, ile ada ya shule. Alinisalimia kwa heshima zote, "Mwalimu, karibu," akafuta mkono kwenye suruali kabla ya kunipa.

Nilirudi juu nikiwa na maelezo yangu yamekamilika: ngazi ilianzisha, kona ikachagua upande, ukuta ukaongeza kasi. Kilichobaki kilikuwa swali la kwa nini ukingo wa Mzee ulikwenda upesi hivyo, wakati jirani yake wa juu, aliye nje ya kona ile ile, hakupoteza hata mita moja. Nikaenda kusafisha ukingo kwa panga ili nione udongo wake.

Kwa jirani ni udongo mwekundu wa Bukavu, ule unaotokana na basalti iliyooza, mzito, unaonata kwenye viatu mpaka unatembea kama umevaa matofali. Kwa Mzee, chini ya kivuli cha jiko, mambo yalikuwa mengine. Juu kabisa nusu mita ya udongo wa kujaziwa. Chini yake mchanga, tabaka juu ya tabaka, safi, kila tabaka na unene wa kidole au viwili. Chini ya mchanga mawe ya mviringo.

Mwaka 1935 Mswidi mmoja, Filip Hjulström, alichapisha kazi yake juu ya mto Fyris wa Uppsala, na humo kuna mchoro ambao nauchora ubaoni kila mwaka. Unaonyesha kinyume cha tunavyodhani. Chembe ndogo kuliko zote, za mfinyanzi, si rahisi kung'oa, kwa sababu zinashikana. Zinahitaji maji yenye mbio, karibu kama yanayotakiwa kung'oa changarawe. Rahisi kuliko vyote ni mchanga: sentimita 20 hivi kwa sekunde zinatosha kuuamsha. Lakini mfinyanzi ukishaamka haulali tena. Unabebwa hata na maji yanayojikokota, ndiyo maana baada ya mvua unaona doa la kahawia linasambaa ziwani mbele ya midomo ya mito huku mawe na mchanga vimeshabaki nyuma. Jirani ana mfinyanzi, Mzee ana mchanga. Hapo pana sababu.

Nikaendelea kukwangua kwa panga, na kwenye kina cha mita moja na kidogo, katikati ya mchanga, panga likagusa kitu laini. Nikavuta. Ilikuwa kandambili ya mtoto, ya plastiki, rangi ya bluu iliyofifia, kamba yake imekatika. Pembeni yake, mfuko wa nailoni uliokunjwa kama jani.

Nilikaa chini.

Kitu kilichozikwa chini ya matabaka ambayo mtu hajayachimba kilifika kabla ya matabaka hayo. Kandambili ya plastiki haiwezi kuwa ya zama za mababu. Maana yake, mahali liliposimama jiko la Mzee palikuwa mtoni, ndani kabisa ya mto, katika umri wa watu walio hai. Kijito kilikuwa upande ule, kikahama kuelekea kushoto, kikaacha mchanga, mchanga ukaota majani, mtu akaupima, akauza, akaandika fishi, akaandika "mpaka: mto". Mita tatu ambazo Mzee analilia, kijito kilikuwa kimempa mtu wa kabla yake kama kilivyompa Mama lenge-lenge zake.

Nilimwonyesha Mzee kandambili kabla ya kumwonyesha mwingine yeyote. Aliigeuza mkononi, akaitazama chini na juu. "Ile muto ilikuwaka huku?" akauliza.

"Ilikuwa huku, Mzee."

"Na ule aliniuzishaka parsele alijua?"

Hilo sikuweza kumjibu.

Ninaandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu udanganyifu huu wa ardhi tambarare si wa Kadutu peke yake, na mahali pengine haukudai jiko tu. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mvua kubwa iliangukia milima ya Kalehe, kaskazini ya hapa, na mito ikashusha matope na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana, na watu wengi sana hawakuonekana tena. Ukienda pale na kutazama umbo la nchi, unaelewa kitu cha kutisha. Milima inashuka wima kuelekea ziwa, hakuna pa kulima wala pa kusimamisha soko, isipokuwa pale mto unapotoka mlimani, ambapo pana tambarare nzuri yenye umbo la upepeo wa kuchochea makaa: nyembamba juu, pana kuelekea majini. Tambarare hiyo mto ndio ulioijenga. Ukitoka kwenye bonde lenye mteremko mkali unajikuta kwenye nafasi, mwendo unakatika ghafla, unatua mzigo wote mahali pamoja. Kisha mzigo unaziba njia, mto unahamia pembeni na kutua tena. Upepeo mzima umetengenezwa kwa siku kama ile ya Mei. Mji wa Uvira, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ni vile vile, uko juu ya matuo ya mito inayotoka milima ya nyuma yake, na Aprili 2020 mto Mulongwe uliukumbusha kwa mafuriko. Watu hawakuwa wajinga kujenga pale. Ndipo palipo sawa, palipo na maji, panapolimika. Ndivyo mito inavyotuita.

Huku mjini mambo yanakwenda polepole zaidi, lakini vijito vinavyokata miguu ya vilima vinafanya kazi katika sehemu ambazo udongo wenyewe hautulii. Funu ni mfano unaojulikana: mtaa mzima uko juu ya mteremko unaoteleza kidogo kidogo, kuta zinapasuka, zinazibwa, zinapasuka tena. Kukata mguu wa mteremko kama huo ni kama kumwondolea mlevi ukuta aliouegemea.

Kwenye kikao cha shefu kila mtu alikuja na dawa yake. Mmoja alitaka ukuta wa Mama ubomolewe. Mwingine alitaka Mzee naye ajenge wake, na hapo mto ungekuwa mfereji, na maji yangeshuka kwa mbio zote juu ya watu wa chini. Kijana mmoja, aliyewahi kufanya kazi kwenye miradi, alipendekeza gabioni kubwa, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, huko juu, kuzuia mchanga wote usishuke. Wazo linavutia, lakini simama siku moja kwenye daraja la Ruzizi ya Kwanza utazame maji yanapotoka ziwani. Ni safi. Kivu imekaa na mchanga wote wa mito yake kama mama anayewavua watoto viatu mlangoni. Ruzizi inaondoka bila mzigo, na inashuka karibu mita 700 mpaka Ziwa Tanganyika; imekata korongo kwenye mwamba, na udongo unaofika kwenye uwanda wake wa chini inaletewa na mito ya pembeni. Maji yasiyo na mzigo yana njaa. Ukizuia mchanga wote juu ya Kadutu, chini ya gabioni kijito kitatafuta kingine cha kula, na kingo za Mzee zipo.

Nilipendekeza vitu vitatu, na kimoja tu nilikuwa na uhakika nacho. Cha uhakika kilikuwa kizingiti: safu ya mawe makubwa kukatiza sakafu ya kijito chini ya kona, mawe yaliyopangwa na kubanwa, si juu ya sakafu ya zamani bali karibu na usawa wake, ili ngazi isipande tena na mchanga kiasi upate kutua. Cha pili, Mama arudishe sehemu ya mbele ya ukuta wake nyuma kwa mita moja, mahali pa kona tu. Cha tatu, kupanda matete mazito kwenye mguu wa ukingo wa Mzee, na kumwomba asijenge jiko tena pale, hata nikimlipia mabati mwenyewe. Kuhusu vijana wa mchanga, shefu alisema atazungumza nao. Wote tulijua maana yake.

Salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, ya Jumamosi mbili ilitoa kizingiti. Mzee alibeba mawe, na Mama alileta kasiksi, pombe ya ndizi, kwa waliobeba, wakanywa wote, hata waliokuwa hawasalimiani. Ukuta wake aliurudisha nusu mita, akasema nusu nyingine ataona. Matete yalipandwa na mbuzi wa jirani wakala theluthi.

Masika yalipoanza niliweka vijiti vitano kwenye ukingo wa Mzee, nikawa napita kila Ijumaa baada ya shule. Oktoba hakikuondoka hata kimoja. Novemba, baada ya usiku mmoja ambao mvua ilizima hata sauti ya jenereta, kiliondoka kimoja, cha pembeni kabisa. Ukingo haukuanguka. Nyuma ya kizingiti mchanga ulikuwa umeanza kutua, safi, mweupe-mwekundu, tabaka la kidole na tabaka la vidole viwili, na maji yalikuwa yamepanda kurudi kuelekea jiwe la kufulia. Hayajalifikia, lakini yule mama mzee alikwenda kulitazama.

Ijumaa ya kwanza ya Desemba nilimkuta Mama kwenye mlango wake ananisubiri. "Mwalimu, kuya uone. Mchanga inarudi." Tulishuka. Ulikuwa umerudi kweli, umejaa nyuma ya mawe kama unga kwenye beseni. Na katikati yake, maji hadi magoti, alikuwa amesimama mwanafunzi wangu wa zamani na chepe, ndoo mbili zimeshajaa kando. Alifuta mkono kwenye suruali.